Askofu Niliyemtoa Kafara

Niseme mapema ili msomaji asipate taabu ya kubahatisha: nilishinda. Mfalme wa yule mzee alilazwa chali mbele ya kadamnasi, kwenye baraza la fundi cherehani, Masasi, Jumamosi ya soko. Ninachotaka kusimulia ni jinsi watu walivyotaka kuninyang'anya ushindi huo kwa huruma, na jinsi nilivyopanda Newala kuufuata, mtoto mgongoni na ubao wa sataranji kikapuni.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti peke yake yalijaa sabuni za rangi, betri na vitenge. Ushirika ulikuwa umelegeza mkono kwenye korosho, wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao, na kila mtu akawa na kitu cha kuuza, walimu tukiwemo. Mimi nilifundisha hisabati sekondari na jioni nikauza maandazi pale Mkomaindo tulipokuwa tunaishi, na aliyecheka alicheka huku anatafuna.

Seti yangu ilitoka kwenye mitumba. Mchuuzi alifungua robota sokoni, na katikati ya makoti mazito ambayo hakuna kiumbe wa Masasi angeyavaa, likadondoka sanduku la mbao lenye kete. Akadhani ni drafti ya wakubwa. Mimi nilijua ni nini, kwa sababu chuoni mkufunzi wetu wa fizikia alitufundisha sataranji, wengine wakaiita chesi, na nikawapiga wanaume wa darasa lile mpaka wakaanza kusingizia mitihani. Kete moja ilikosekana, askofu mmoja mweupe. Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi maabara ya hospitali, akaniletea kizibo cha mpira cha chupa ya dawa. Kikasimama vizuri ubaoni na tukakiita askofu.

Mzee ninayemsema alikuwa wa Newala. Alikuwa karani wa ghala la korosho mpaka ghala lilipokosa korosho za kuandika, akarudi nyumbani na kuanza kutengeneza redio. Sataranji alifunzwa na wapigania uhuru wa ng'ambo ya Ruvuma, waliokuwa wakipumzika upande wetu wakati wa vita vyao. Lakini jina lake lilikuwa kwenye drafti na bao. Kwenye uwanda wote ule wa Makonde hakuna aliyekaa naye kwenye bao akaondoka anacheka. Aliposikia kwamba Masasi kuna mwalimu wa kike, tena Mmakua, anayejigamba kwa chesi, akatuma salamu na dereva wa lori: atashuka Jumamosi, nimwandalie chai na kilio.

Nilimwandalia chai.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nalitaja hili kwa sababu ndilo lililoleta balaa lote baadaye. Siku ile lilimaanisha tu kwamba kiti changu kilikaa mbali kidogo na meza na nilinyoosha mkono zaidi ya yeye kufikia kete.

Watu walizunguka meza. Wengi hawakujua sataranji, lakini walijua drafti, na walitazama kwa macho ya drafti. Hapo pana jambo la kueleza. Kwetu, mtoto anajifunza drafti kwa vizibo vya soda kabla hajajua kusoma, na sheria ya kwanza anayofunzwa ni kwamba kula ni lazima. Kete ikikaa mahali pa kuliwa, huna hiari, unakula, hata kama unaona kabisa kwamba ukila utaliwa tatu. Kwenye bao nako ndiyo hivyo: ukiwa na njia ya kula huruhusiwi kufanya lingine. Mchezaji mzuri wa kwetu ni yule anayekulisha. Sataranji haina sheria hiyo. Ukiwekewa kitu mbele yako, unaweza kukiangalia ukakiacha. Jambo hilo ni dogo kulisema, lakini mkono uliokula kwa lazima miaka hamsini haulisikii.

Mzee alicheza polepole na kwa adabu, akijenga upande wa kushoto kwangu, ambako alikuwa amefungua safu moja kwa malkia wake mweusi. Mfalme wake alikuwa amejificha upande wa pili, nyuma ya askari watatu, mnara ukiwa ubavuni. Kila kitu kilikuwa salama, ila wasaidizi wa mfalme walikuwa wote wameelekea kushoto. Askari wangu mmoja alikuwa amesogea mbele na kuwazibia njia ya kurudi. Farasi wangu alikuwa tayari. Malkia wangu alikuwa nyumbani, lakini mshazari wake ulikuwa wazi mara tu farasi akiondoka. Na kizibo changu cha dawa, askofu, kilikuwa kimemkazia macho askari wa pembeni kabisa, yule aliyesimama mbele ya mfalme.

Nikamla askari yule kwa askofu. Cheki.

Umati ulisikitika. Mtu mmoja nyuma akasema mama wa watu amechoka, apewe maji. Askofu wangu alikuwa amesimama pua kwa pua na mfalme, hana mlinzi yeyote, anayetaka amle. Mzee angeweza kumwacha. Angejibanza kwenye kona, apungukiwe askari mmoja, na mchezo ungeendelea mpaka jua lizame. Mimi nilimtazama mkono. Uliinuka kabla macho yake hayajamaliza kuangalia. Akala.

Farasi wangu akaruka: cheki ya pili. Mfalme akarudi nyumbani kwake. Malkia wangu akateleza mpaka ukingo wa ubao, akasimama kwenye safu iliyobaki wazi baada ya askari yule kuliwa, na sasa hata wasiojua mchezo waliona kwamba kuna jambo. Nilitishia kumfunga mfalme kwa hatua moja. Mzee alifikiri sana, kisha akasogeza mnara pembeni ili mfalme apate pa kukimbilia. Nikamla askari ambaye mnara ule ulikuwa unamlinda, na kuanzia hapo ilikuwa cheki juu ya cheki. Mfalme alikimbizwa kona, akarudishwa, akavukishwa mbele ya nyumba yake mwenyewe, na mwisho akafia katikati ya ubao, amezingirwa na watu wake ambao walikuwa njiani tu, hawana msaada. Mzee akamlaza chali. Akasimama, akanipa mkono, akasema mchezo ulikuwa mzuri, akaenda kutafuta lori lake.

Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyetawazwa. Nilikuwa na haki. Katika maisha yangu kila nilichopata nilisikia kwamba nimepewa. Nafasi ya sekondari, walisema ni kwa sababu wasichana walikuwa wachache. Chuo, upendeleo. Kazi ya hisabati, mwalimu wa kiume alikataa kuja kusini. Ushindi huu niliuchukua mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe, mchana kweupe.

Ulidumu mpaka Jumatatu. Chumba cha walimu, mwalimu wa michezo alikuwa anamenya ndizi, na bila hata kuinua uso akasema:

"Yule mzee kakuachia, Mwalimu. Mjamzito hanyimwi."

Wote wakakubali kwa vichwa, tena kwa upole, na upole huo ndio uliouma. Kwetu, mwanamke mwenye mimba akitamani kitu chako, unampa. Akitamani muhogo ulioutia mdomoni, unautoa. Kumnyima ni kumtafutia mtoto mkosi. Walisema mzee yule ni mtu wa adabu, Mwislamu safi, baba wa watoto tisa. Angewezaje kumnyima mama mwenye tumbo lile? Nikawauliza mbona hawakusema siku yenyewe. Wakasema mjamzito haaibishwi mbele za watu.

Nilikasirika hasira ambayo mpaka leo nikiikumbuka naionea fahari. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba huruma ile huwezi kuibishia. Ukisema nilishinda, wanasema ndiyo Mama, ulishinda, pumzika. Na habari zikashuka kutoka Newala kwamba mzee mwenyewe akiulizwa hakatai. Anatabasamu, anasema mtoto azaliwe salama.

Basi nikashika kalamu. Mchezo wote nilikuwa nimeuandika kwenye daftari la mraba, hatua kwa hatua, kama nilivyofunzwa chuoni. Mtoto alipozaliwa, msichana mwenye sauti kubwa, nikawa namnyonyesha kwa mkono mmoja na kupanga kete kwa mwingine. Nilitaka kuthibitisha kama tunavyothibitisha kwenye hesabu: kwamba alipomla askofu, njia zake zote zilikuwa za kaburini, kwa hiyo hakuna alichoniachia. Kosa lake lilikuwa kula, na alikula kwa sababu amelelewa kula.

Baada ya cheki ya farasi, mfalme alikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kupanda mbele kwenye ukingo wa ubao. Hapo farasi wangu anaondoka, askofu wangu wa pili anapiga cheki kutoka nyuma yake, na farasi huyohuyo anatua mahali ambapo anamkamata malkia mweusi. Njia ya pili ni kupanda mbele ya askari wake mwingine. Malkia wangu anamfuata, na tishio la farasi ni lilelile. Njia ya tatu ni kurudi nyumbani, kama alivyofanya, na hapo mnara ukisogea anafungwa kama nilivyomfunga. Nikapiga mstari chini ya ukurasa na kuandika: imethibitishwa. Mume wangu akaniuliza kama sasa ninaweza kulala. Nikamwambia nitalala nikitoka Newala.

Mtoto alipofika miezi minne nikapanda gari dogo la abiria. Njia ya kupanda uwandani ni ya kujikunjakunja, na siku ile juu kulikuwa na ukungu, baridi ya Newala ambayo ndiyo ingefaa yale makoti ya mitumba. Nyumba ya mzee ilijulikana na kila mtu. Mkewe alinipokea, akaniletea maji ya kunawa kwenye beseni zima, na anayejua maji yanavyopatikana kwa taabu Newala anajua heshima niliyopewa. Akamchukua mtoto mgongoni kwangu bila kuuliza.

Mzee alikuwa barazani, redio imefunuliwa mbele yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani, za kazi, za mvua. Nilizijibu zote. Kisha nikatoa ubao nikamwambia nilichokuja nacho: kwamba Masasi wanasema aliniachia, kwamba yeye hakatai, na kwamba nataka tukae hapa, mimi sina mimba wala hamu ya kitu chochote, anioneshe ni wapi aliponiachia.

Alifunga redio yake taratibu. Hakuonekana kuudhika. Wanaume wawili jirani waliokuwa wakipita walisogea, kwa sababu kwenye uwanda ule kete zikigonga ubao watu husogea.

Nikapanga kete mpaka pale askofu alipomla askari. Mzee akauliza, je, asipokula? Nikasema asipokula anaishi, na hilo nalikubali, lakini alikula. Akacheka kidogo. Akasema tembo akiwekwa mdomoni mwa mtu wa Newala, anatafunwa. Yeye alimwita tembo yule niliyemwita askofu, hivyo ndivyo alivyofunzwa, na jirani mmoja akanichokoza kwamba ni Wamakua wa misheni tu wanaoweza kumtoa askofu kafara. Nikamwambia asubiri zamu yake.

Mzee akaijaribu njia ya kwanza. Nikamla malkia. Akaijaribu ya pili, akazunguka zunguka, akaleta hiki na kile, nikamla malkia tena. Nilikuwa nakwenda haraka, bila kuangalia daftari, na nilijisikia raha ambayo sitaificha. Akamrudisha mfalme nyumbani. Nikamteremsha malkia wangu ukingoni, mahali pake pa siku ile, nikakunja mikono.

Akaushika mnara, kama siku ile. Kisha akauachia.

Nilimwambia hana lingine. Alikuwa ameinama, kofia imemteleza usoni, na macho yake yalikuwa hayatazami upande wa mfalme. Yalikuwa upande mwingine kabisa, kwenye safu ile aliyoifungua mwenyewe, yakishuka mraba kwa mraba kutoka kwa malkia wake kuja kambini kwangu. Mkono wake ukafuata macho. Akamchukua malkia mweusi, akamshusha safu yote, akamkalisha kwenye mraba mtupu ndani ya ngome yangu, kando ya nyumba ya malkia wangu.

Nilitaka kucheka. Malkia amekwenda kutafuta nini huko, na mfalme anachinjwa kule? Kisha nikaona. Kutoka mraba ule mshazari mmoja ulikuwa wazi, unapita katikati ya ubao mpaka pale hasa nilipotaka kumfungia mfalme. Nikiingia pale, nakamatwa. Nikimla askari mwingine, mnara haujasogea, unanila. Na kwa nini mshazari ulikuwa wazi? Kwa sababu aliyekuwa ameuziba ni askofu wangu, niliyemtoa kafara. Na mraba ule aliokalia malkia wake ulikuwa unalindwa na nani? Na askofu huyohuyo, na malkia wangu, ambaye nilimpeleka vitani mwenyewe. Miezi minne nilikuwa nimeutazama ubao ule kutoka upande wa mfalme wake. Sikuwahi kugeuka kutazama nyumba yangu niliyoiacha wazi.

Nilijaribu kila kitu. Nilitafuta cheki, sikupata. Hatua mbili baadaye malkia wake angerudi kumkinga mfalme, kete zingebadilishana, na mimi ningebaki na askari mmoja mkononi kwa askofu mzima. Shambulizi langu lilikuwa na tundu. Lile neno nililoliandika chini ya ukurasa lilikuwa la uongo.

Naandika haya kwa utulivu, lakini pale barazani moyo ulinishuka. Niliona Masasi nzima ikitikisa kichwa kwa upole. Alikuwa na njia. Alikuwa nayo siku zote, na hakuitumia, kwa nini? Mjamzito hanyimwi. Nimepanda mlima na mtoto mchanga kuja kuwapa ushahidi walioukosa.

Nikainua macho kumtazama mzee, nione anavyonionea huruma.

Hakuwa ananitazama. Alikuwa amesimama, mikono kichwani, mdomo wazi. Alimwita mkewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, mara mbili, na mama wa watu akatoka mbio na binti yangu begani akidhani pana nyoka. Mzee akamwonesha ubao. Mkewe hakujua hata kete moja inakwendaje. Akamwambia tazama, tazama huyu, anashuka hapa, analinda pale, unaona? Akawaambia majirani. Akamrudisha malkia juu, akamshusha tena, akamrudisha, akamshusha. Mtu mzima, karani wa ghala, wajukuu wanampigia magoti, alikuwa anarukaruka barazani.

Hapo nikajua, na nikaanza kucheka mpaka machozi yakanitoka. Furaha ile haigizwi. Mtu hafurahii hivyo kitu alichokuwa nacho mfukoni miezi sita. Alikuwa anauona mraba ule kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Alipoketi, alinitazama muda, na nikaona naye amefika nilipofika. Uso wake ukabadilika.

"Mwalimu," akasema, "nilikuwa nawaacha watu waseme nilikuachia. Wamesema sana mpaka nikaamini mwenyewe. Sikukuachia. Siku ile huyu malkia sikumwona."

Nikamwambia nami sikumwona.

"Ningemwona, ungerudi kwako unalia, na mimba yako."

"Ningelia," nikasema.

Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu, na mkewe alinifungashia korosho. Gari la kurudi lilichelewa, kwa hiyo nilipata muda wa kumwona akianza. Watu walipita, yeye akawaita waje waone mwendo wake. Alijivuna nao, na ulistahili. Ulikuwa mzuri kuliko wowote nilioucheza mimi mchana ule au siku ile. Lakini kila aliyeketi aliuliza swali moja: mwendo mzuri hivi, mbona hukuucheza Masasi? Na mzee, kila mara, kabla hajamgusa malkia, ilimbidi aanze kwa kusema kwamba Masasi alipigwa.

Nasikia alisimulia hivyo kwa miaka mingi, kila soko, kwa kila mgeni.